Mfuko wa Miwani

Mwenzangu ninayetaka kusimulia habari zake hashoni gauni wala suruali. Anashona turubai. Vifuniko vya malori, mapazia ya vibanda, mahema ya watu wanaokwenda kupima barabara maporini, vyote vinapita chini ya sindano yake, sindano nene ambayo mimi nikiishika naona kama nimeshika msumari. Mtaa mzima unamwita Mama Turubai, na wengine wanadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Tunagawana chumba kimoja cha kazi, yeye upande wa dirishani kwa sababu macho yake yanahitaji mwanga, mimi upande wa mlangoni na sare zangu za shule. Tumezeekea humo pamoja, ila mimi nimenenepa na yeye amebaki vilevile, mrefu, mwembamba, miwani puani.

Ana mtindo wake wa kupima, na hapo ndipo kisa chote kilipo. Mteja akitaka hema, hamuulizi kimo chake. Anasema watu wakiulizwa kimo wanadanganya, hasa wanaume, halafu wakishalala miguu inatokeza nje. Yeye anatandaza turubai sakafuni, anavua viatu, anajilaza chali juu yake na kuniambia, "Pitisha chaki." Nami napitisha chaki kichwani, ubavuni na miguuni. Kama mteja ni pande la mtu anaongeza shibiri, kama ni mfupi anapunguza. Hema la watu wanne, analala mara nne, kila mara akijisogeza pembeni kidogo. Wapita njia wakimwona mle chini wanamtania kwamba leo kazi imemshinda, naye anawajibu akiwa palepale chali kwamba yeye ndiye fundi pekee mjini anayepata riziki kwa kulala.

Lakini katika mahema yote aliyoyalalia sakafuni, hakuna hata moja alilowahi kulala ndani yake usiku. Kutoka nje ya mji kwake kulikuwa ni msiba au hospitali. Watoto walipokuwa wadogo hakukuwa na nafasi, na walipokua wakahama, kila mmoja na upande wake, nafasi ikaja lakini hakuna aliyemwambia twende. Aliwahi kuniuliza kama ni kweli mvua ikinyesha juu ya hema mtu akiwa ndani inasikika vizuri kuliko juu ya bati. Nikamwambia mimi nitajuaje, mimi nashona kola.

Mume wake ni tarishi wa pikipiki wa kampuni moja ya vipuri. Mimi namwita shemeji. Nitasema mapema kwamba ni mtu mwema, ili nisije nikaambiwa nina chuki naye. Halewi, hampigii mtu kelele, na kila jioni anapitia chumbani kwetu kumchukua mkewe, anakaa kwenye kigoda, anamalizia chai yetu iliyopoa na kupiga soga. Chuki sina. Hasira ninazo, na mtanisamehe zikionekana.

Ujanani mwake shemeji alitumwa kupeleka kifurushi mbali sana, huko vilimani, na njiani akapita kwenye ziwa. Anasema lilikuwa limetulia tuli na nyasi zimefika hadi kwenye maji. Akasimama kidogo tu, kwa sababu pikipiki ilikuwa ya watu na kazi ilikuwa ya watu, akageuza. Tangu hapo ziwa hilo halikumtoka kichwani. Likizo zikaja zikapita, mara mtoto anaumwa, mara paa linavuja. Mwaka huu kampuni ikanunua pikipiki mpya, ile ya zamani ikamwangukia yeye, na juu yake akapewa likizo. Basi tukakoma. Kila jioni ni safari tu. Tairi la nyuma limekwisha meno, cheni imelegea, springi zinalia. Petroli atajaza wapi na baada ya hapo wapi. Atapika nini, ataoga wapi, kukinyesha atafanyaje. Mkewe alikuwa akimsikiliza huku mguu unakanyaga cherehani, na mara mojamoja anatia neno, kwamba sufuria moja inatosha, kwamba chumvi ifungwe mbali na sukari.

Hata siku moja hakumwambia mkewe kwamba atakuwemo katika safari hiyo, na hata siku moja hakumwambia kwamba hatakuwemo. Naye hakuuliza. Watu waliokaa pamoja muda huo wote hawaulizani kila kitu. Alikuwa akimsikia mumewe akimtaja mdogo wake, dereva wa lori, kwamba anazijua njia za huko na ana jiko dogo la gesi, akachukulia kuwa huyo ni wa kuwaelekeza njia na kuwaazima jiko. Mimi pia nilichukulia hivyohivyo.

Siku moja shemeji akasema, "Mke wangu, si unishonee hema? La watu wawili, lakini liwe jepesi. Pikipiki si lori."

Mama Turubai aliinama kutafuta uzi ambao haukupotea. Mimi nilimwona uso. Ulinawiri ghafla kama wa binti aliyeletewa posa.

Kesho yake jioni alitandaza kitambaa kipya sakafuni, chepesi, cha rangi ya majivu, ambacho alikuwa amekificha kwa ajili ya kazi ya maana. Akamwambia mumewe avue viatu alale. Shemeji akajitupa chini na nguo zake za kazi, akalalamika kwamba sakafu yetu ina ugomvi na mgongo wake. Kisha Mama Turubai akalala ubavuni pake. Walilala vile chali, wakiangalia dari letu lenye utando wa buibui, bega kwa bega, na mimi nikipitisha chaki. Nilipofika katikati yao hapakuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Shemeji akasema upande wa miguu uongezwe kidogo. Akainuka, akajipangusa, akatoka nje kuangalia pikipiki. Mkewe alibaki amelala pale kwa muda, viganja juu ya tumbo, nami sikumharakisha.

Sijawahi kumwona akishona kitu vile. Mishono aliipiga mara mbili, kisha akaipaka nta kwa kidole ili maji yasipite. Zipu aliipachika, akaifumua, akaipachika tena. Na upande wake, usawa wa kichwa, akaweka kimfuko. Alivua miwani, akaipima juu ya kitambaa, akakata, na ndani yake akatia kipande cha flana laini alichokiomba kutoka kwenye mabaki yangu. Akanieleza kwamba bila miwani yeye haoni hata mkono wake, na hataki kuamka asubuhi pale ziwani aanze kupapasapapasa gizani mwake mwenyewe wakati mwenzake anaangalia maji.

Akaanza pia kujifunga mzigo. Kila mara mumewe akisema mzigo upungue, yeye alikuwa akipunguza wake. Aliacha mto, akashona mfuko mtupu wa kujaza nguo uwe mto. Akaacha viatu vya pili. Mwishowe kila alichohitaji kiliingia katika kifurushi cha kitambaa cha bluu kisichozidi ukubwa wa mkate, akakiweka chini ya cherehani yake, na kila asubuhi alikigusa kwa ncha ya kiatu kabla hajaanza kazi. Alijivunia mno ule udogo wake. Alikuwa akishonea juu ya benchi huku amelipanda kama farasi, eti anakizoesha kiuno kiti cha pikipiki. Nilicheka hadi nikajichoma sindano.

Wateja aliwaambia waje wiki itakayofuata kwa sababu yeye hatakuwepo. Shemeji alikuwepo siku moja akamsikia akimwambia hivyo mteja mmoja mwenye lori. Akasema, "Vizuri sana, mke wangu. Na wewe upumzike." Mwenzangu akacheka, nami nikacheka naye.

Siku ya kufunga mzigo ilikuwa mchana wa kuamkia safari. Walifungia kwenye uwanja wetu mdogo, kwa sababu nyumbani kwao ni ghorofani na ngazi ni nyembamba. Shemeji alitandaza turubai kuukuu, akapanga juu yake kila kitu: sufuria, tochi, dumu la petroli, vigingi, kamba, blanketi, dawa za tumbo. Mama Turubai alikuwa ameshona mifuko miwili ya kuning'inia ubavuni mwa pikipiki, naye ndiye aliyesimamia upakiaji. Vizito vikae chini, vyepesi juu, kushoto na kulia viwe sawa. Alibeba kila mfuko mkononi kuupima uzito, akahamisha mkebe wa chai kutoka huku kwenda kule. Alikuwa amevaa koti alilojishonea la kuzuia upepo, ingawa jua lilikuwa kali.

Halafu shemeji akanyanyua hema lililokunjwa, akaliweka juu ya kiti cha abiria. Juu yake akaweka blanketi, na juu ya blanketi begi la nguo zake.

"Hivyo si utakuja kuviondoa hapo?" mkewe akamuuliza.

"Kwa nini niviondoe? Hapa ndipo pazuri. Havichezi."

Mama Turubai alikiangalia kile kiti. Nadhani hata hapo alikuwa bado anatafuta jinsi, kwamba labda kuna kinachoweza kusogezwa, labda begi lipakatwe. Tayari alikuwa ameingia ndani, akachukua kifurushi chake cha bluu, akawa amesimama nacho mlangoni. Hapo ndipo tuliposikia pikipiki nyingine ikiingia uwanjani. Alikuwa yule mdogo mtu, dereva wa lori, pikipiki yake imepakiwa tayari nyuma na mbele, godoro la kukunja limefungwa kwa mpira, na uso mzima ni meno. Akamkumbatia kaka yake. Akasema haamini kwamba hatimaye wanakwenda, kwamba tangu wakiwa wavulana wamekuwa wakiahidiana ziwa hilo, na kwamba shemeji yake, Mama Turubai, ana moyo wa dhahabu kuwaruhusu wazee wawili kwenda kucheza.

Sikumtazama mwenzangu usoni, sikuthubutu. Nilitazama miguu yake. Mguu mmoja ulirudi nyuma, ukakisukuma kifurushi, ambacho alikuwa amekiachia chini, hadi kikaingia ndani ya mlango na kupotea nyuma ya marobota yangu ya vitambaa. Kisha akamwambia mdogo wa mumewe karibu, akamuuliza habari za nyumbani, watoto, na kazi, na yote akajibiwa.

Mdogo mtu akaomba kuliona hema. Wakalifungua, wakalitandaza na kusimamisha nguzo, naye akaingia ndani kujilaza kuona kama linamtosha. Lilimtosha kabisa. Yeye na Mama Turubai wamelingana kwa kimo, unaweza kusema alipimiwa yeye. Tukamsikia akiuliza kutoka ndani, "Shemeji, na hiki kimfuko cha huku kichwani ni cha nini?"

"Cha vitu vidogo vidogo," Mama Turubai akasema.

"Tutatia plagi ya akiba ya pikipiki humo," mumewe akasema. "Mke wangu anafikiria kila kitu."

Mimi mdomo ulinijaa maneno. Nina ulimi, kila mtu anajua, na siku hiyo nilikuwa nimeshaufungua. Mwenzangu akanitazama mara moja tu, nikaumeza. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia roho inaniuma. Waliporudisha hema juu ya kiti, shemeji alifunga kamba ovyo, fundo la mtu asiyejua kazi, lile ambalo lingefunguka kwenye tuta la kwanza. Angeweza kuliacha. Alimsogeza mumewe pembeni, akaifungua kamba, akaanza upya. Akaipitisha chini ya kiti, akaivuka, akaikaza kwa goti huku anapumua kwa nguvu, akafunga fundo analofungia malori ya watu wanaokwenda safari za mbali. Akautikisa mzigo kwa mikono miwili. Haukucheza. Ule mzigo ulikuwa umekaa penye nafasi yake, na mwenyewe ndiye aliyeukaza.

Waliondoka alfajiri. Yeye akaja kazini wakati uleule wa siku zote.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wateja wenye haraka walichungulia kuuliza kama mimi nawashikia kazi zao, wakamkuta mwenyewe dirishani. "Kumbe hukwenda?" Akawajibu kwamba aliahirisha. Mwenye lori akasema amefanya vyema, huko ni baridi, mgongo wake usingestahimili. Akamshukuru. Alijikaza kisabuni siku zote hizo, na mimi nikajitia hamnazo, nikawa naongea habari za bei ya vifungo.

Halafu ikaja mvua. Ilianza mchana, nzito, ikalipiga bati letu hadi tukaacha kusikilizana. Mama Turubai akasimamisha cherehani. Akavua miwani, akaiweka juu ya turubai, akalaza kichwa juu ya mikono yake, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilikwenda nikakaa naye juu ya benchi, nikamshika mgongo. Alilia kama mtoto anavyolia, bila kujificha. Mvua ilipopungua akaweza kusema.

"Nililala pale chini," akasema. "Ubavuni pake. Wewe si ulituchora? Alimwona nani pale?"

Nilimchemshia chai, akainywa.

Shemeji alirudi amebabuka pua, vumbi hadi kwenye kope. Siku ya kwanza alikuwa na simulizi nyingi, nasikia, mpaka majirani wa chini wakapanda kusikiliza. Siku ya pili akaja kazini kwetu na hema begani, kwamba zipu inakwama. Lakini hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake ngumu mikononi, na chai hakuitaka.

Akasema kwamba usiku wa kwanza, mdogo wake alipokuwa anatia plagi kwenye kile kimfuko, alishangaa. Kina flana ndani. Mdogo wake akasema, "Plagi haihitaji flana. Huu ni mfuko wa miwani, na mimi sivai miwani." Kisha akageuka akalala. Shemeji anasema yeye hakulala. Alilala macho hadi kukapambazuka, na lile ziwa alilolitamani miaka yote hata hakumbuki vizuri lilivyokuwa asubuhi ile.

"Ulikuwa unakuja?" akamuuliza mkewe.

"Nilikuwa nimefunga mzigo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nililala pembeni yako, ukaniona."

Shemeji akasema jambo la kweli kabisa, na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba. "Lakini wewe huwa unalalia kila hema."

Mama Turubai akatikisa kichwa kukubali, polepole, kwa sababu ndivyo ilivyo. Miaka yote mumewe amemwona mle chini, leo ni mpima barabara, kesho ni mlinzi wa msitu, keshokutwa ni watu wanne. Amemwona akiwa kipimo cha kila mtu. Siku alipolala pale akiwa yeye mwenyewe, angemjuaje? Mimi nasema angemjua. Angegeuza shingo tu kumtazama angemjua. Lakini mimi si mke wake.

Shemeji akasema mwaka kesho. Akasema wataondoka wawili, kiti kitakuwa kitupu, mzigo watauweka hata kichwani. Alikuwa anamaanisha, macho yalimlowa. Mkewe akachukua hema kutoka begani pake, akaivuta zipu mbele na nyuma, akaona meno yaliyolegea.

"Itakuwa tayari kesho jioni," akamwambia, kama anavyowaambia wateja.

Aliitengeneza, na kile kimfuko hakukigusa. Hema lipo nyumbani kwao, juu ya kabati. Mwaka kesho wenyewe bado haujafika na sijui utakuja na nini. Wanaishi vizuri. Kila jioni shemeji anakuja kumchukua, na siku hizi anamshikia mkoba. Kile kifurushi cha bluu nilikikuta nyuma ya marobota yangu, nikamrudishia, akakifungua, akatoa soksi nene alizokuwa amezifunga humo, akazivaa kwa sababu sakafu yetu ni ya baridi.

Juzi walikuja vijana wawili, mtu na mkewe, wanataka hema la kubeba kwenye pikipiki. Binti alikuwa ameshasikia habari za fundi anayelala, akawa anasubiri kwa hamu aone. Mama Turubai akatandaza turubai sakafuni. Nikachukua chaki yangu, nikasogea. Akanyoosha mkono, akaniomba ile chaki, kisha akawaambia wavue viatu walale wenyewe. Wakalala, wanacheka, binti anamfinya mwenzake. Mwenzangu akapiga magoti kwa shida, akainama karibu kabisa na ule uso wa binti, akamuuliza kama anavaa miwani. Binti akasema hapana. Akamzungushia chaki, kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kisha akamwambia kijana ageuke amtazame mkewe alipolala, aone ni nafasi kubwa kiasi gani. Kijana akageuka akatazama.

Yeye mwenyewe ile sakafu hajailalia tena.